Mufupi, Mutu ya ku Ukuta

Ninyi batoto ya atelye ya rangi, mulinilomba niandike namna tulikuwa tunatumika zamani, mbele sijasahau. Nimetoka ku kazi, hata mwaka haijaisha, na muke yangu anasema tayari ninakuwa mingi mu nyumba. Basi naandika. Nilisoma darasa tatu tu, ya ine niliisikia ku dirisha, kwa hiyo musitafute makosa. Iko, mutaiona bila kutafuta. Mambo ya nani alipanda cheo na nani alilipwa ngapi siandike, ile inasemwa kila siku mahali banakunywa munkoyo. Jina ya kampani pia siandike. Mwenye aliitumikia anaijua, na mwenye hakuitumikia haitamusaidia kitu. Ilikuwa kampani ndogo ya kuvunja mawe, upande wa Musonoi, mawe ya barabara na ya reli.

Nitaandika juu ya mapicha. Si picha ya kutundika ku salon, wewe na muke yako mumesimama sawa miti. Ni ile mapicha ya kufuatana, moja nyuma ya ingine, na maneno inatoka mu kinywa ya mutu sawa moshi. Mu Kifaransa ni bande dessinée. Sisi tulikuwa tunaita mapicha ya kusema, na kila picha mu mistari yake ine tunaita kaze. Mi nilipenda hii kitu mbele nipende mwanamuke. Mama Ngoie, muke yangu, anajua, na haimusumbue.

Nilizaliwa Kisenge. Baba alikuwa anatumika ku mugodi ya manganese, jioni anarudi mweusi kushinda vile Mungu alimuumba. Mu cité, ule mutaa yetu, kulikuwa muchuruzi mumoja, Tata Ramazani, Mwislamu ya kutoka mashariki, mutu muzuri, anapima samaki ya chumvi bila kuweka kidole ku mizani. Samaki alikuwa anaifunga na magazeti ya zamani, na mu magazeti ingine kulikuwa kurasa ya mapicha ya kusema. Mama ananituma samaki, mi naenda kutafuta karatasi.

"Tata Ramazani, unifungie na ile ya mapicha."

"Samaki haijue kusoma, mwanangu," anasema. Lakini anachambua lundo mupaka aipate.

Ku nyumba bandugu banakula samaki, mi nakausha karatasi ku jua. Vile nilisoma hadisi mingi sana yenye haina kichwa, ao haina mukia. Mutu anaruka toka ku ndege, kurasa inakwisha, kipande chenye kubakia kilifunga samaki ya jirani. Nilikuwa naenda kwa jirani kuuliza kama balikwisha kutupa karatasi yabo. Mama alikuwa anaona haya. Jirani mumoja alizania tuna njaa, akatutumia samaki.

Ku ile karatasi njo nilijulia kusoma. Ku darasa balikuwa banatuonyesha A, na ile A haikunifanyia kitu, imesimama pale tu. Lakini mutu ya mapicha akifungua kinywa na hauone anasema nini, utaumia mupaka uijue. Na nilijua neno ingine yenye ilinifaa mu kazi maisha yote. Kati ya kaze na kaze kuko kanafasi keupe, mule hakuna kitu. Mu kaze ya kwanza mutu ananyanyua nyundo. Mu kaze ya pili anashika kidole, anaruka na muguu moja. Nyundo kuanguka, nani aliichora? Hakuna. Ni wewe mwenyewe uliiangusha. Muchoraji ni muvivu, anakuachia kazi ya nguvu na unamushukuru. Batu banasema ile ni mambo ya batoto. Ndiyo, batoto banaiweza. Nimeona bakubwa, na kravati ku shingo, banashindwa.

Nilikuya Kolwezi kijana. Authenticité ya serikali ilikuwa imefika, bote tulikuwa citoyen, raia, na wenye majina ya batakatifu balikuwa banayavua. Mi niliamka Joseph, nikalala Mwamba. Ku atelye habakutumia hata moja. Baliniita Pinso, juu ya brashi ya rangi, na njo jina nilitoka nayo ku kazi.

Siku ya kwanza mukubwa ya rangi alinipokea, Tata Ilunga, Muluba ya kaskazini, Muprotestanti, mutu wa kusema kidogo. Alinipa kopo, brashi, na mubao mumoja ya mulango. "Piga mustari." Nikapiga mustari, ulimi inje kwa bidii. Alipokuya, hakuangalia mustari hata kidogo. Aliangalia chini.

"Rangi ya kampani iko ku mubao, ao iko ku viatu yako?"

Nikasema iko pande zote mbili.

"Mustari utajifunza. Mutu mwenye kudondosha, anadondosha mupaka kifo. Leta kitambaa."

Yeye njo alinifundisha kamba ya makaa: unapakala kamba unga ya makaa, wawili munaivuta ku ukuta, unaikamata katikati, unaiacha, pah, una mustari wenye hata fundi seremala hana. Alinifundisha kuosha brashi na petroli kwanza, kisha sabuni, kisha kuitundika kichwa chini. Brashi yenye kusimama na nywele yake inakuwa fagio. Na alinifundisha vumbi. Vumbi nyekundu ya Musonoi inapenda rangi mubichi kushinda nzi inavyopenda ndizi. Unapakala nyuma ya kamyo ya maji. Ikipita kumwangia barabara, una nafasi ya kumaliza kaze moja. Isipopita, kaa chini ule karanga. Siku hizi naona munapakala wakati wowote, kisha munasema rangi ni mubaya. Haya.

Sasa nifike ku jambo lenyewe.

Kulikuwa concasseur, ile mashini ya kutafuna mawe. Inatafuna jiwe kubwa, inatema ndogo juu ya mukanda ya mpira, na mukanda inazipandisha mupaka mu wagon. Chini ya mukanda kuko rulo za chuma zinazunguka. Mara kwa mara jiwe inaingia kati ya mukanda na rulo, inakwama, mukanda inaanza kulia na kwenda upande. Kando yake kulikuwa kamba nyekundu. Unavuta, kila kitu inasimama, unatoa jiwe, unaachilia. Kazi ya dakika chache.

Lakini ekipe ya mukanda habakuwa banavuta. Kuvuta kamba ilikuwa haya. Mwanaume, mbele yabo, alikuwa mwenye kutoa jiwe na mukono huku mukanda inakimbia. Tata Mutombo, mukubwa yabo, alikuwa amekwisha kuacha bidole mbili kule, na bado alikuwa anacheka wenye kuvuta kamba. Na mwenye kushinda bote kwa mbio alikuwa Kyungu, mudogo ya muke yangu. Anaingiza mukono, anautoa na jiwe, anauonyesha bote sawa mutu ya mazingaombwe. Banamupigia makofi.

Mama Ngoie alinishika siku moja, naosha mikono.

"Weye Pinso, kazi yako si kuandika hatari?"

"Njo kazi."

"Basi iandike mahali Kyungu ataiona. Sitaki kumulisha mudogo yangu bukari na kijiko, na iko na miaka makumi mbili."

Nilikuwa nimekwisha kuiandika. DANGER, kubwa, nyekundu, na Kifaransa chini yake mistari tatu juu ya bidole na mashini. Kyungu alikuwa anatundika koti yake ku ile D. Mu ekipe yabo, wenye kusoma hata mustari moja habakujaza ule mukono ya Mutombo ya bidole tatu.

Nikaenda kwa citoyen enjeniere. Alikuwa mutu mupole, lunettes ya macho yake imefungwa na waya. Nilizania atanicheka. Nikamwambia: nipe ukuta wa kutoka ku mulango wa ekipe mupaka ku ngazi ya mukanda, nitaweka mapicha ya kusema.

"Ku misioni tulikuwa tunazificha mu katekisimo," akasema. "Père alinikamata mara tatu." Akaandika bon, ile karatasi ya kupata makopo ya rangi. Na yeye mwenyewe, mi sikumulomba, alitoa amri kamba nyekundu irefushwe, ifike mahali mukono inaipata bila kutembea. Ile niandike, juu nyuma nitaandika yenye haitamufurahisha.

Nikachora mutu mumoja nikamuita Mufupi. Kofia yake ya kazi ni kubwa, inamuangukia macho kila wakati. Kaze sita. Anatoka ku nyumba, muke anamucheka mulangoni. Anaona jiwe imekwama. Haivute kamba, anaingiza mukono. Mukanda inamukokota, kofia inaruka. Mukono imefungwa bandeji kubwa sawa mutoto ya kulala. Mwisho amekaa ku nyumba, muke anamulisha bukari na kijiko. Maneno niliweka kidogo, juu ya uandishi yangu munaijua. Kaze ya mwisho nilimuibia muke yangu kabisa, na alipoiona alisema mikono ya ule mama ni munene.

Batu balipenda. Balisimama, balicheka, hata bafundi ya garage balikuwa banakuya kumuangalia Mufupi. Mi nilikuwa natembea mu kampani sawa mutu amezaa mapacha.

Kisha nikaanza kuona kitu. Ile kaze ya bandeji ilikuwa inakuwa nyeusi. Grisi. Alama ya mikono, mingi, pahali pamoja. Naiosha, kesho iko tena. Na ku mukanda, Kyungu na benzake habakubadilika, balizidi. Sasa hata wenye kuogopa zamani balikuwa banaingiza mukono.

Nikamungoja Kyungu ku mulango wa ekipe, asubui, banaingia ku kazi. Nikaona yeye na bote banapita, na kila mumoja anapiga bandeji ya Mufupi na kiganja.

"Shemeji, munafanya nini?"

"Tunamusalimia, shemeji. Tangu tunamugusa, hakuna mwenye ameumia."

"Kumugusa juu ya nini? Unajua hadisi yake?"

"Eh, weye njo uliichora, unaniuliza mi?" Akacheka, akaniongoza na kidole, na kidole yake ilianzia ku mwisho. "Angalia. Hapa Mufupi ni mugonjwa, hata kula ni muke anamulisha. Hapa bandeji yake. Hapa anafika ku mukanda, anaingiza mukono, mukanda inamutikisa, anapiga kelele, ni dawa ya nguvu. Hapa mukono imetoka, haina hata kidonda. Na hapa amerudi ku nyumba, muke anacheka. Ni hadisi ya muzuri, shemeji. Mukanda inaponya."

Niligeuka, nikaangalia kule balitokea. Mulango yabo ilikuwa ku mwisho ya ukuta, upande wa mukono ya kuume. Banaingia, banatembea kuelekea mukanda, na kaze ya sita njo banaona ya kwanza. Mi, atelye yangu ilikuwa upande mwingine. Kila siku nilikuwa nafika kwa kaze ya kwanza, sawa mu kitabu, na kila siku nilikuwa naisoma muzuri. Jioni, banarudi, hakuna mwenye kuangalia ukuta. Banaangalia kama bus iko. Niliwachorea mashini ya kukata bidole, balisoma hospitali.

Nikaenda kwa Tata Ilunga, nikamweleza. Alicheka mupaka akakaa juu ya kopo ya rangi, na kopo haikuwa na kifuniko. Nilimujua miaka mingi, ni mara moja tu nilimuona amedondosha.

"Geuza," akasema.

"Tata, mapicha inaanzia kushoto. Dunia yote."

"Uliweka kitabu ku ukuta, Pinso. Kitabu mutu anaigeuza na mukono. Ukuta mutu anaipita na miguu. Fuata miguu."

Nilikasirika siku mbili. Mutu akipenda kitu toka utoto, anazania anailinda, kumbe anaikataza batu benye ilifanyiwa. Siku ya tatu nikachukua brashi.

Sikugeuza tu. Nilifuta yote, nikaanza mupya, na hapa musikilize, ni kazi yenu. Kwanza, Mufupi sasa alikuwa anatembea upande wenye ekipe banatembea. Pua ya mutu ya mapicha iende mahali viatu ya musomaji inaenda. Mukiweka pua upande mwingine, munamurudisha mutu ku nyumba. Pili, sikubananisha kaze. Niliacha nafasi kubwa ya ukuta mutupu kati yao, mutu apige hatua mbele ya kuona ya kufuata, na mu zile hatua afikiri mwenyewe. Tatu, nilitoa bandeji. Bandeji ilikuwa imeharibika, ilikuwa sasa na kanisa yake. Badala yake niliipa mukanda uso. Meno, macho madogo, ulimi ya mpira. Mukanda inamwita Mufupi: "Nina njaa." Kaze ya kufuata: "Leta mukono, haraka." Mufupi anakwaruza kofia. Muke yake, kule mbali ku dirisha, anapiga sufuria na mwiko. Ku ngazi Mufupi ananyoosha mukono juu. Na kaze ya mwisho, juu ya mukanda yenyewe, pembeni kabisa ya kamba nyekundu: Mufupi ameivuta, mukanda imesimama, ulimi inaning'inia, inasema, "Leo nalala na njaa."

Sikulala muzuri. Nilitaka kuona kama Kyungu atavuta.

Kitu yenye ilifanyika sikuifikiria. Tata Mutombo alianza kusema maneno ya mukanda, kwa sauti, akipita. Alikuwa na sauti ya kunguruma sawa kamyo. "Nina njaa," anasema, na mukono yake ya bidole tatu inajifungua na kujifunga. Balimuuliza juu ya nini yeye achukue sauti ya mukanda. "Mi njo namujua namna anaongea," akasema. Habakucheka sana. Kisha mwingine akachukua muke na mwiko, anapiga bati ya chakula yake. Na Mufupi, balimupa Kyungu, juu yeye njo mukubwa ya kiburi na mufupi kweli. Hakukuwa mutu mwingine.

Asubui banapita sawa baimbaji ya kanisa, kila mutu na sauti yake, kaze kwa kaze, mupaka ku ngazi. Na mutu akikuwa Mufupi mbele ya benzake bote, na mukono yake imekwisha kuwa juu, na kamba iko pale, atafanya nini? Siku ya kwanza Kyungu alivuta kwa muchezo. Balimupigia makofi. Siku ya pili jiwe ilikwama kweli, Tata Mutombo akanguruma, "Leta mukono, haraka," na Kyungu akavuta kamba. Haya ilihama. Sasa mwenye kuingiza mukono mu mukanda ya kukimbia, balikuwa banamwambia, "Umemulisha."

Nilimwambia Mama Ngoie. Alisema, "Muzuri," akaendelea kuchagua mchele. Lakini ile jioni kulikuwa kuku.

Mu mambo ya vile, mashida inatoka upande wenye hauangalie. Mukanda ikaanza kusimama. Mbele ilikuwa haisimame, sasa inasimama mara mingi, na mawe mu wagon ikapunguka. Citoyen enjeniere akaniita mu biro. Hakukaa.

"Citoyen Pinso, mukanda inasimama."

"Ndiyo, citoyen enjeniere. Mbele ilikuwa inakula."

"Najua. Mi nilikuwa hapa." Alivua lunettes, akaipangusa, waya ikatoka, akairudisha. "Bakubwa ya Lubumbashi hawaone bidole. Banaona wagon. Balikuya, balisikia ile kwaya yenu, baliniuliza kama hapa ni chantier ya kazi ao theatre. Ukuta iwe grise, rangi ya majivu tu, mbele ya lundi, wiki ikianza."

"Na kamba?"

"Kamba hawakusema. Kamba inabaki." Kisha akasema chini, "Yule Mufupi, namupenda. Lakini iwe grise."

Nilifika ku nyumba nikamwambia muke yangu kwamba sitapakala. Mutu hapewe brashi ya kuzika mutoto yake. Nilisema bitu mingi ya vile, nilikuwa nimesimama.

"Kaa," Mama Ngoie akasema. "Ukikatala, banaleta mupakaji mwingine. Ataipakala vibaya, weye utakuwa bila kazi, na Kyungu atakuwa bila ukuta vilevile. Leo ni siku gani?"

"Ya ine."

"Basi iko siku mbili ya kazi mbele ya dimanche. Mu siku mbili utafanya nini?"

Jibu niliipata asubui, naona mifuko ya saruji mitupu mu atelye.

Siku ya tano nilisimama ku mulango wa ekipe na misumari na mifuko. Nilikuwa nimefunika kaze ya kwanza. Nikabaambia: sema yenye iko chini ya mufuko. Tata Mutombo akasema. Kila mara ekipe ilipita, nilifunika kaze ingine. Nafunika ya tatu, banaisema. Nafunika ya tatu na ya ine, banakosa, narudisha ekipe yote nyuma ku mulango. Balinitukana. Mutu mumoja aliniuliza kama nimekuwa mwalimu, na shule nilimalizia ku dirisha. Nikamwambia rudi ku mulango. Tata Ilunga alikuya kuona, akachukua nyundo akanisaidia kupigilia.

Kyungu alikasirika kushinda bote. "Shemeji, juu ya nini unatutesa na mifuko? Mapicha iko pale."

"Lundi haitakuwa pale."

Habakujua. Nikabaambia yote, hata maneno ya theatre. Tata Mutombo akaangalia ukuta mupaka mwisho, na ile mukanda ya meno yake. Kisha akasema, "Funika yote, Pinso." Siku ya posho, kesho yake, mara ya mwisho ekipe balipita ukuta mzima wa mifuko, hakuna hata jicho ya Mufupi inaonekana, na hawakukosa neno.

Dimanche nyuma ya misa nikapakala. Kamyo ya maji haikutembea ile siku, kwa hiyo nilimwangia barabara mwenyewe na ndoo. Nilipakala muzuri, bila kudondosha. Grise ya kampani ni rangi ya hovyo, ni nyeusi yenye kuchoka. Nilianzia ku kaze ya mwisho, ile ya ku kamba, nikarudi nyuma mupaka ku mulango. Sitasema haikuniuma.

Lundi asubui citoyen enjeniere alikuwa amefika mbele yangu, chini ya ngazi, mikono nyuma. Sirene ikalia. Mulango ukafunguka, ekipe ikaingia. Ukuta ilikuwa grise, ndefu, haina kitu. Balitembea kimya, nikasikia viatu tu. Nikasema mu roho, basi.

Pale kaze ya kwanza ilikuwa imelala chini ya rangi, Tata Mutombo akafungua mukono yake. "Nina njaa." Hakuisema kwa nguvu. Hatua, hatua, mahali pa kaze ya pili: "Leta mukono, haraka." Bati ya chakula ikapigwa. Kyungu akakwaruza kofia. Balikuwa banasimama mahali pake kabisa, kaze kwa kaze, hawakukosa hata kwa urefu ya kiatu, na banaangalia ukuta mutupu sawa mutu anaangalia dirisha. Balipita mbele ya citoyen enjeniere, bakamusalimia, bakapanda.

Mukanda ikaanza. Tulibaki pale chini, mi na yeye, hakuna mwenye kuondoka. Mawe ikapanda muda mrefu, nikazania leo haitakwama. Kisha ikakwama. Niliisikia kulia, na niliona Kyungu anainama ku rulo, mukono yake wa kuume umeteremka, ile mukono ya mbio. Ikabaki pale chini kidogo. Kisha ikapanda ku kamba, na kila kitu ikasimama.

Kimya kama kile unakisikia mara chache ku concasseur. Citoyen enjeniere aliangalia juu, akaangalia ukuta, akaniangalia.

"Citoyen Pinso, hii grise yako haifunike muzuri."

"Nilipakala mara mbili, citoyen enjeniere."

"Pakala ya tatu," akasema, na akaenda polepole ku biro yake kuandika rapport ya wagon.

Juu kule, mu mukanda yenye kusimama, Kyungu alikuwa amekwisha kuingiza mukono mupaka ku kiwiko, anatafuta jiwe, bila haraka, anaongea na Tata Mutombo juu ya mupira ya jana.